Mziwanda wa Ballycolman

Chakula kiko mezani na mama hatulii. Denis anarudi leo kijijini kwao, Ballycolman, kutoka Dublin anakosomea udaktari. Dada zake wameahirisha mambo yao ili yeye asome, na mlipa ada ni kaka mkubwa, George. Kumbe daktari mtarajiwa amefeli mtihani kwa mara ya tatu.

Ndivyo inavyoanza The Whiteheaded Boy, komedia ya Lennox Robinson iliyochezwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Abbey, Dublin, tarehe 13 Desemba 1916. Kwa Waayalandi jina hilo ni la mtoto kipenzi. Sisi tungemwita mziwanda, yule anayeachiwa ukoko hata akishaota ndevu.

Haikuwa imetimia miezi 8 tangu uasi wa Pasaka, Waayalandi walipoinuka dhidi ya utawala wa Uingereza, na jirani na ukumbi majengo yalikuwa yameteketea. Robinson mwenyewe, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Cork, aliwahi kuiponza Abbey. Mwaka 1910 mfalme Edward VII wa Uingereza alipofariki, yeye akiwa meneja kijana, alipiga simu ya maandishi kuuliza kama wafunge. Jibu likachelewa, onyesho likaendelea, na mfadhili Mwingereza, Annie Horniman, akaghadhibika na kukata msaada wake.

Raha ya kuusoma mchezo huu imo katika maelekezo ya jukwaani. Kwa kawaida huwa makavu: huyu anaingia, yule anatoka. Ya Robinson yanapiga soga kama jirani aliyeegemea ua. Yanakupa habari za marehemu baba mwenye nyumba, na bila haya yanakwambia binti yupi kanenepa. Kijiji chenyewe ndicho kinachosimulia, na kijiji ndicho familia inachokiogopa.

Kwa hiyo inaamuliwa Denis apelekwe Kanada, na majirani waambiwe kapata neema. Tatizo ni mchumba wake, Delia. Baba yake, mzee Duffy wa posta, anadai fidia ya pauni 1,000 uchumba ukivunjwa. Wakati wakubwa wanahangaika kumtuliza, vijana wanaoana kimyakimya na Denis anashika kazi ya kibarua. Aibu iliyoje! Waliotaka kumfukuza sasa wanambembeleza. Mwishowe Duffy anampata shangazi Ellen, aliyemtaka tangu zamani, na Denis anapewa umeneja wa duka la ushirika. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, ingawa amesema mara kadhaa: aachwe.

Mwaka 1920 mchezo ulipelekwa London, ukapendwa. Robinson alikuja kusema kwamba ni siasa mwanzo hadi mwisho, ila waliong'amua ni wachache mno. Wahakiki humwona Denis kuwa Ayalandi, na ndugu wasiomwacha apumue kuwa Uingereza. Mimi nilipousoma mara ya kwanza sikuona siasa yoyote. Nilikuwa nazihesabu pauni za George.