Kazi ya Kafi, Kutoka Ziwa Kivu Hadi Barazani

Mtu mwenye uwezo, akaaye Himbi au mtaa mwingine wa Goma ulio kandokando ya Ziwa Kivu, aweza leo kuagiza mashine ya kupigia makasia, akaiweka barazani kwake, akaketi juu ya kiti chake chenye magurudumu madogo na kuuvuta mnyororo hata jasho likamtiririka, pasipo kulowa tone moja la maji. Na jioni, akiinua macho kutazama ziwani, atawaona wanaume wakiondoka ufukoni kwa kazi iliyo ndugu wa ile yake, ila wao ujira wao ni samaki wadogo waitwao sambaza. Jinsi taabu moja ilivyopata watu wa namna mbili, huyu akiinunua kwa fedha na yule akiivumilia kwa ajili ya riziki, ni habari ndefu, na sehemu yake kubwa haikutendeka Afrika.

Tuanze na ziwa. Kivu limekaa juu sana, yapata mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kilindi chake ni yapata mita 480. Zamani za wafalme, mitumbwi ya kuchonga ilipita baina ya kisiwa cha Idjwi na pwani zote mbili, ikichukua watu na bidhaa, na wakati mwingine askari, kwani Mwami Rwabugiri wa Rwanda alivuka maji hayo kwa mitumbwi kuiteka Idjwi. Basi Mjerumani von Götzen, alipolifikia ziwa mwaka 1894, aliwakuta watu waliokwisha kuijua kazi ya kafi kwa dahari nyingi. Mkataba wa mipaka wa 1910 uliwapa Wabelgiji, watawala wa Kongo, kisiwa cha Idjwi, na Goma ikabaki kituo chao mkabala na Gisenyi ya Wajerumani. Septemba 1914 Wajerumani wakakitwaa kisiwa, na mwaka 1916 wakakipoteza.

Hata hivyo uvuvi wa usiku, ambao ndio uletao kitoweo sokoni, si wa kale kama mtu anavyodhani. Maji ya chini ya Kivu yamejaa gesi wala hayana hewa ya kupumua, hivyo samaki huishi katika tabaka la juu tu, nao walikuwa wachache, mpaka katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, baina ya 1958 na 1960, walipoletwa vifaranga wa dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Wakastawi, na watu wakawaita sambaza. Ili kuwapata, mitumbwi mitatu hufungwa sambamba kwa miti ya mikaratusi, na mbele na nyuma hutokeza fito ndefu zibebazo wavu. Giza likikaribia, wapiga kafi huondoka, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, wala wimbo huo si wa kujifurahisha tu, bali ndio unaopatanisha mikono, maana mapigo yasipolingana chombo chote huenda upande. Wakifika kilindini huwasha taa, zamani karabai na siku hizi za betri, wavu ukateremshwa, sambaza wakaufuata mwanga, wavu ukapandishwa. Na hayo hurudiwa hadi alfajiri, isipokuwa siku za mbalamwezi, ambapo mwezi huwatawanya samaki na watu wakapata kulala. Mabega ya mvuvi hujengeka hivyo, na sijapata kusikia mtu akimpongeza kwa afya yake.

Uingereza nako kasia lilikuwa kazi ya maskini. Wavushaji wa Mto Thames walipitisha abiria wa London kwa malipo, na mwaka 1715 mwigizaji Thomas Doggett akawaanzishia vijana waliomaliza uanagenzi wa kazi hiyo mashindano yenye zawadi ya koti na beji ya fedha, ambayo yangali yakifanywa hata leo. Baadaye mabwana wakaupenda mchezo, na Oxford na Cambridge wakashindana mara ya kwanza mwaka 1829. Kisha, kwa kiburi ambacho kwa insafu siwezi kukiita jina jingine, waandaaji wa mashindano ya Henley wakaandika mwaka 1879 kanuni iliyomzuia kila aliyepata kuishi kwa ujira wa kazi ya mikono. Kwa kanuni hiyo hakuna mvuvi hata mmoja wa Kivu ambaye angeruhusiwa kugusa maji yao. Mwaka 1920 Mmarekani John Kelly, aliyekuwa mwashi wa matofali, alikataliwa Henley; miezi haikupita mingi akatwaa medali mbili za dhahabu katika michezo ya Olimpiki mjini Antwerpen, katika Ubelgiji ileile iliyokuwa ikiitawala Goma.

Mashine yenyewe ilizaliwa na haja ya wanamichezo hao, hasa wale ambao mito yao huganda wakati wa baridi. Ya namna yake ilikuwako tangu karne ya 19, hata Titanic iliyozama mwaka 1912 ilikuwa nayo katika chumba cha mazoezi. Lakini ile iliyoenea majumbani ni kazi ya ndugu wawili wa Vermont, Dick na Pete Dreissigacker, waliopigilia baiskeli kuukuu kwenye sakafu ya ghala wakauvuta mnyororo wake, na mwaka 1981 wakatoa mashine yenye gurudumu la baiskeli lililotiwa mabapa. Gurudumu huipiga hewa, na kadiri mtu avutavyo kwa nguvu ndivyo hewa impingavyo. Umeme hauhitajiki, sifa ambayo mkaazi wa Goma ataithamini upesi kuliko mtu wa Boston. Ila ijulikane kwamba mashine hii ni mtoto wa kasia la Thames, si wa kafi la Kivu: mvuvi hutazama aendako, na nguvu yake hutoka kiunoni na mabegani, ilhali mwenye mashine hukaa kinyumenyume, husukuma kwanza kwa miguu, ndipo mgongo, mwisho mikono, na aanzaye kwa mikono hujiumiza bure.

Sidharau chombo hiki. Katika jiji lenye barabara za mawe ya volkano, ambalo mwishoni mwa Januari 2025 liliangukia mikononi mwa waasi wa M23, mtu achaguaye kufanya mazoezi nyumbani kuliko kukimbia nje alfajiri ana hoja yake. Lakini ikiwa siku moja wenye uwezo wa Goma wataanzisha mashindano ya makasia ziwani, kama wapendao mchezo wafanyavyo kila mahali, rai yangu ni kwamba wavuvi wa sambaza waandikishwe wa kwanza, washindane kwa kafi walilolizoea, na zawadi isiwe kikombe, bali wavu mpya.