Nyumba Kavu Kando ya Ziwa Mweru

Ziwa Mweru limelala mpakani mwa Zambia na Kongo, kiasi cha mita 917 juu ya usawa wa bahari. Mto Luapula huingia kutoka kusini baada ya kupita vinamasi vipana, na mto Luvua hutoka kaskazini karibu na Pweto. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, nayo hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Katika miezi hiyo nguo zilizokunjwa hutoa madoa ya ukungu, unga hushikana mabonge, na kuta za udongo hulowa kuanzia chini. Ujenzi wa ukanda huu, kuanzia ghala la ulezi hadi nyumba za makazi ya wakimbizi ya Mantapala wilayani Nchelenge, Zambia, umetawaliwa na juhudi ya kukaa pakavu.

Unyevu huingia nyumbani kwa njia nne. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali bichi kama mafuta yapandavyo utambi. Mvua hupenya paani au kurukia ukuta kutoka kwenye mchirizi. Watu wenyewe huongeza mvuke kwa kupumua, kupika na kuanika nguo ndani. Mwisho ni hewa ya nje: mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke, lakini ikipoa hadi nyuzijoto 20 hubeba gramu 17 tu. Kinachozidi hugeuka maji juu ya kitu chochote cha baridi. Ukungu huota pale ambapo ukuta, mkeka au nafaka hukaa na unyevu huo siku nyingi.

Chombo cha zamani kilichojibu tatizo hili kwa ukamilifu ni ghala ambalo Wabemba huliita ubutala. Ni kihenge cha fito kilichoinuliwa juu ya uchaga ili kisiguse ardhi, kikakandikwa udongo na kufunikwa kwa paa la nyasi lililochongoka. Ardhi haikukifikia, mvua haikukirukia, na hewa ilipita chini yake. Nyumba ya kuishi ilifuata kanuni hizohizo. Sakafu iliinuliwa kwa udongo wa kichuguu, ambao ukishindiliwa hukaza kuliko udongo wa kawaida, na paa lilishushwa nje ya ukuta hadi juu ya baraza.

Moto wa ndani ulikuwa na kazi yake pia. Moshi ulipanda polepole katikati ya nyasi, ukazikausha, ukazipaka masizi na kuwafukuza wadudu. Nyumba iliyoachwa bila moto kwa msimu mmoja wa mvua paa lake huoza upesi. Faida hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa moshi uliotunza nyasi uliumiza mapafu ya mama na watoto waliolala chini yake.

Katika karne ya 18 Walunda wa mfalme aliyeitwa Mwata Kazembe walitoka magharibi na kujenga dola lao katika bonde la Luapula. Kilimo cha muhogo kilienea bondeni pamoja na utawala wao. Zao hili lilibadilisha hesabu ya unyevu. Ulezi lazima uvunwe wote kwa wakati mmoja na ukae ghalani, lakini muhogo husubiri ardhini hata zaidi ya mwaka, ukang'olewa kwa kadiri ya mahitaji. Kazi ngumu ikahamia kwenye kuanika. Muhogo uliolowekwa siku kadhaa unahitaji jua kali juu ya mwamba, mkeka au uchaga; mvua ikikataa kuacha, huota ukungu mweusi kabla ya kufika kinuni.

  

Wamisionari waliofungua kituo cha Mbereshi katika bonde hilo mwaka 1900 walijenga kwa matofali ya kuchoma. Tofali lililochomwa haliyeyuki likilowa, hivyo ukuta ulipata maisha marefu. Baadaye, fedha za migodi ya Katanga nchini Kongo na Copperbelt nchini Zambia, na za biashara ya samaki, zilileta mabati. Mabati huzuia mvua kuliko nyasi, ila hupoa haraka usiku. Mvuke wa waliolala hugeuka matone chini yake na kudondoka alfajiri. Nyumba ya mabati isiyo na matundu ya hewa juu ya ukuta yaweza kuwa na maji ndani hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Kwingineko duniani njia nyingine ilikuwa ikitafutwa. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilivimba na rangi zikapishana. Mashine za leo za kukausha hewa ya nyumba nzima hufuata kanuni iyo hiyo: feni huvuta hewa na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi, mvuke hugeuka maji yanayotolewa kwa mrija, kisha hewa kavu hurudishwa vyumbani. Lengo la kawaida ni unyevu wa hewa chini ya asilimia 60. Mashine hiyo hudai umeme wa uhakika na nyumba iliyozibwa. Ikiwekwa chini ya paa la nyasi lenye mianya, itakuwa inakausha hewa ya kijiji kizima bila kumaliza.

Mantapala ilifunguliwa Januari 2018 kwa ajili ya watu waliokimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo, wengi wakiwa wamepitia kituo cha mpito cha Kenani mwaka 2017. Wakimbizi na wenyeji walipangiwa kutumia shule na zahanati pamoja. Makao ya kwanza yalikuwa ya maturubai, na turubai ni kama bati jembamba zaidi: huzuia mvua na kufungia mvuke. Familia zikaendelea kufyatua matofali mabichi na kuezeka, na maarifa ya pande mbili za ziwa yakakutana katika msingi ulioinuliwa, upenu mrefu, mfereji wa kuondoa maji na tundu la hewa juu ya dirisha.

Maarifa hayo hulinda uhai. Nchini Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliwapata watu 317 na kuua 125. Mahindi yasiyokauka yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya nyumba zenye unyevu. Mahindi hukaa salama yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, na gunia hukaa salama likiwa juu ya uchaga, mbali na ukuta. Hiyo ndiyo kanuni ya ubutala, na inafaa kwa chumba cha Mantapala kama ilivyofaa kwa ghala la ulezi.