Tundu la Pili

Walkman ya kwanza, ile Sony walianza kuuza Japani tarehe 1 Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Mawili. Na juu yake kulikuwa na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na maikrofoni ndogo inakusaidia kumsikia mwenzako bila kuvua chochote. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa amepeleka mashine ya majaribio nyumbani, na mkewe akaudhika kuona ameachwa nje. Morita akaona si adabu mtu mmoja kujifungia na muziki wake na watu wamekaa hapo. Akaagiza tundu la pili.

Wanunuzi hawakuwa na habari na adabu hiyo. Kila mtu alitaka yake. Katika matoleo ya baadaye kitufe kikaondolewa, na tundu la pili likafuata.

Nimekuwa nikikiwaza kisa hiki wiki tatu sasa kwa sababu natafuta hedifoni. Zangu zilikufa sikio la kushoto. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na nusu ya kazi zangu ni kunakili mahojiano ya watu neno kwa neno, kwa hivyo sikio moja kwangu ni nusu mshahara. Bajeti ni shilingi 3,500, na hata hizo nimeziomba kwa pesa za kodi. (Kwenye taarifa ya habari husema vipokea sauti vya masikioni. Nenda Luthuli Avenue uombe hivyo, utaona vile utaangaliwa.)

Ukisimama mbele ya kioo cha duka pale Luthuli, zinaning'inia za kila aina hadi macho yanachoka. Lakini nikisoma historia yake naona karibu kila aina ilianza na mtu mmoja aliyekuwa na shida moja, na shida yenyewe mara nyingi haikuwa muziki.

Watu wa kwanza kuvaa chombo hiki siku nzima walikuwa kazini. Mwaka 1878, kule Boston, Emma Nutt aliajiriwa kuunganisha simu, kwa sababu vijana wa kiume waliokuwa wakifanya hiyo kazi walikuwa wakiwajibu wateja vibaya. Waunganishaji walihitaji mikono yote miwili ili kuchomoa na kuchomeka waya kwenye ubao, kwa hivyo kisikilizio kikabidi kifungwe mwilini. Pini za ubao ule ndizo mababu wa pini nene ambayo mpaka leo unaiona kwenye gitaa la umeme. Pini nyembamba ya simu yako ni mjukuu wake.

Muziki ulikuja karibu wakati huo huo, lakini kama maajabu ya maonyesho. Paris, 1881, Clément Ader alitega vipaza sauti mbele ya jukwaa la Opera, na watu wakawa wanapanga foleni katika jengo lingine washike visikilizio viwili, kimoja kila sikio. Kwa sababu kila sikio lilipata sauti ya upande wake, waliweza kusikia mwimbaji akitembea jukwaani. Mwaka 1881, mtu wangu!

Ila mtu ninayempenda zaidi katika hii hadithi ni Nathaniel Baldwin wa Utah. Mwaka 1910 alituma hedifoni kwa jeshi la majini la Marekani, akiambatanisha barua ambayo inasimuliwa kuwa iliandikwa kwa wino wa zambarau. Ungepokea kitu kama hicho ungefikiri ni utani. Walizijaribu hata hivyo, na zikawa bora kuliko zozote walizokuwa nazo. Waendeshaji wa redio walihitaji kusikia ishara hafifu mno kutoka mbali baharini, na hizi zilinasa. Wakataka kuagiza nyingi. Baldwin akajibu kwamba anaweza kutengeneza kumi tu kwa wakati mmoja, kwa sababu kiwanda chake ni jikoni kwake. Baadaye alijenga kiwanda halisi, akatajirika, akafilisika, na akafa maskini mwaka 1961. Utepe ule wa kupita juu ya kichwa ukishika visikilizio viwili, umbo ambalo ukichora leo kila mtu atajua ni nini, hedifoni zake tayari zilikuwa nalo.

Redio zilipoingia majumbani miaka ya 1920, nyingi hazikuwa na spika. Familia ilikuwa na hedifoni moja. Basi watu walikuwa wanaiweka ndani ya bakuli, sauti inavimba kidogo, wote wanainama juu ya meza. Hiyo picha huwa inanifurahisha kuliko tangazo lolote la kisasa.

Aliyegeuza chombo hiki kuwa cha muziki nyumbani ni John Koss wa Milwaukee. Kabla ya hapo alikuwa akikodisha televisheni kwa wagonjwa hospitalini. Mwaka 1958 alipeleka kwenye maonyesho kicheza sahani cha kubebeka, na hedifoni za stirio zikiwa nyongeza tu za kuonyeshea vile kinalia vizuri. Watu walisikiliza, wakakiacha kicheza sahani, wakauliza bei ya nyongeza.

Halafu kuna hizi za kuzima kelele. Mwaka 1978 Amar Bose alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston, amevaa hedifoni za ndege, na ngurumo za injini zikameza muziki wote. Akaanza kupiga hesabu hapo hapo kwenye kiti. Wazo lenyewe ni hili: maikrofoni inasikiliza kelele, halafu spika inatoa wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanauana. Zilianza kuuzwa kwa marubani mwaka 1989. Abiria na wapenda muziki walizipata mwaka 2000.

Sasa nirudi kwa shilingi zangu. Muuzaji mmoja alinipigia debe: "Kastoma, hizi ziko na noise cancelling, orijino kabisa." Kwa 2,800. Nikazivaa pale mlangoni. Honi ya matatu ilipita kama ilivyotumwa na kondakta. Kuziba masikio kwa sifongo nene si kuzima kelele, na hizo zilikuwa zinaziba tu.

Na hili si jambo la madoido. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ukiwa ndani ya nganya yenye spika chini ya kila kiti, unapandisha muziki wako ili ushinde wa dereva, na hapo unamaliza mgao wako wa wiki mapema sana. Kwa hivyo mimi nimeamua ndani ya matatu sivai kitu. Dereva amenilipia burudani, niache masikio yangu kwa kazi inayonilisha.

Zile ndogo za Bluetooth zilinivutia, sitadanganya. Tangu Apple watoe tundu kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kutembea na waya imekuwa kama kutembea na cheti cha umaskini. Lakini betri yake ikichoka, zinatupwa. Waya ukikatika, fundi pale kwenye ngazi anauunga ukisubiri. Na simu yangu ya bei ya chini bado ina tundu.

Nyingine zilikuwa za sifongo, wazi, zinazofanana na zile za Walkman. Hizo ndizo nilizipenda zaidi: unasikia muziki na pia unasikia ukiitwa. Shida ni kwamba zinavuja, na bedsita yangu tunakaa wawili. Binamu yangu hufanya kazi ya ulinzi usiku na hulala mchana, saa zile mimi nanakili. Akiamshwa na sauti ya mahojiano ya mtu asiyemjua, nyumba haitakalika.

Kwa hivyo nilichukua zilizofungwa, za waya, zinazofunika sikio lote. Muuzaji alianza na 2,600, tukamalizia 2,200. Nilipokuwa nalipa kwa M-Pesa nikaona kwenye sanduku la vikorokoro kijiwaya kifupi chenye pini moja na matundu mawili. Nikauliza ni cha nini.

"Ya kusikiza watu wawili. Lakini siku hizi hakuna mtu hununua. Chukua na mia."

Nilichukua. Jumapili binamu hana zamu.