Vali ya moyo iliyoanzia kwenye bucha

Mei Mosi hapa Ruiru ni siku ya hotuba na ya kusubiri kuambiwa mshahara umepanda kwa kiasi gani. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1989, mjini Aarhus nchini Denmark, daktari kijana aitwaye Henning Rud Andersen hakupumzika. Alikuwa maabara, akimwekea nguruwe vali mpya ya moyo bila kumpasua kifua.

Leo mzee ambaye vali yake ya aota imekakamaa kwa chokaa anaweza kuwekewa nyingine kwa mrija unaoingilia kwenye paja, akarudi nyumbani baada ya siku chache. Watu wengi humtaja Mfaransa Alain Cribier, aliyefariki Februari 2024, kuwa ndiye baba wa tiba hii. Andersen anastahili kutajwa kabla yake, na hapa nafuata simulizi aliyoiandika mwenyewe mwaka 2021.

Februari 1989 alikuwa Arizona, Marekani, akimsikiliza Julio Palmaz akieleza jinsi wavu mdogo wa chuma unavyotanuliwa kwa puto ndani ya mshipa wa damu. Akajiuliza: je, wavu ukiwa mkubwa zaidi na ukashonewa vali ndani yake? Aliporudi kwao alinunua waya kwenye duka la hadiwea, akapata mioyo ya nguruwe buchani, akazikata vali na kuzishona kwenye wavu alioukunja kwa mikono yake. Kifaa kilipokunjwa kilikuwa na unene wa karibu milimita 14. Hakuna mshipa wa paja la mzee ambao ungekipitisha. Lakini ndani ya nguruwe kilifanya kazi.

Majarida makubwa ya moyo yaliikataa ripoti yake. Ilichapishwa mwaka 1992, na kampuni alizozifuata hazikuona faida. Hataza yake iliuzwa na hatimaye ikaangukia mikononi mwa Edwards ya Marekani. Ndipo thamani yake ikaonekana: Edwards iliishtaki kampuni iliyotengeneza vali shindani, CoreValve, na mwaka 2014 Medtronic, iliyokuwa imeinunua CoreValve, ikakubali kulipa dola milioni 750 kumaliza kesi zao za hataza. Inauma kuona wazo lililopuuzwa likipiganiwa hivyo mahakamani miaka 20 baadaye.

Binadamu wa kwanza kuwekewa vali kwa njia hii alikuwa mwanamume wa miaka 57, mahututi, aliyetibiwa na Cribier mjini Rouen tarehe 16 Aprili 2002. Aliishi wiki 17.

Vizazi vya vali vikafuatana. Jaribio la PARTNER la mwaka 2010 lilitumia Sapien ya kwanza, vali ya Edwards, kwa wazee ambao hawangestahimili upasuaji. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 30.7 ya waliowekewa walikufa, dhidi ya 50.7 ya wasiowekewa. Ila mrija ulikuwa mnene, mishipa ilichanika, kiharusi kiliongezeka, na damu ilivuja pembeni mwa vali. Ikaja Sapien XT, kisha Sapien 3 yenye mrija mwembamba na kitambaa cha nje cha kuzuia uvujaji. Mwaka 2019, jaribio la PARTNER 3 liliripoti vifo vya asilimia 1 tu katika mwaka wa kwanza.

Kutoka 30.7 hadi 1! Takwimu hizo hupendwa sana, lakini haziwekwi sambamba kwa haki. Wagonjwa wa jaribio la 2010 walikuwa na wastani wa miaka 83 na walishakatiwa tamaa; wa PARTNER 3 walikuwa na miaka 73 na wangeweza kupasuliwa. Mkulima wa kahawa wa hapa kwetu hawezi kupanda Ruiru 11 kwenye mawe na Batian kwenye udongo mzuri, kisha aseme mbegu mpya imeshinda. Ulinganisho ninaouamini zaidi ni wa mwaka 2020, ulioziweka XT na Sapien 3 kila moja dhidi ya vali za upasuaji kwa miaka mitano: XT ilichakaa haraka kuzishinda za upasuaji, Sapien 3 haikuonyesha tofauti kubwa. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Swali langu sasa ni la nyumbani: je, vali hizi zinatufaa sisi? Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, na mwaka huo huo hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikaanza kazi jirani yetu. Lakini hapa Kenya vali nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanza na koo la mtoto lisilotibiwa kwa penisilini. Wanaougua ni vijana, na mara nyingi ni vali ya mitrali. Sapien hushika kwenye chokaa ya vali ya aota. Haikubuniwa kwa ajili yao, na majaribio yale hayakuwahesabu.

Mjini Cape Town, Peter Zilla na wenzake wamekuwa wakibuni vali ya mrija kwa ajili ya wagonjwa wa aina hii. Serikali yetu na hospitali zetu za rufaa ziwaandikie sasa, ili siku watakapotafuta wagonjwa wa majaribio, vijana wa Ruiru na Thika wawe kwenye orodha.