Robo Saa ya Nairobi katika Simu za Bawshar

Simu nyingi za Bawshar, wilaya ya Muscat, hupata kanuni za saa zake katika hifadhidata huria iitwayo tz, iliyoasisiwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980. Humo Dar es Salaam na Kampala zimeunganishwa na Nairobi, na Zanzibar haina hata jina lake. Kosa la Nairobi, basi, ni kosa la sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Kosa lenyewe lilidumu miaka mingi. Hifadhidata ilidai kwamba hadi mwisho wa 1959 Nairobi iliitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Mtoto aliyezaliwa Nairobi saa sita mchana mwaka 1950, jamaa zake wakitafuta kabla ya kosa kurekebishwa Bawshar ilikuwa saa ngapi, wangejibiwa saa saba na robo. Kumbe ilikuwa saa saba kamili.

Kasoro ya namna hii huishi kwa sababu haimuumizi mtu: saa ya leo iko sawa, nani atalalamikia robo saa ya enzi za ukoloni? Tena tarehe nyingi za zamani zilitoka katika atlasi ya Thomas Shanks, iliyotungwa kwa ajili ya wanajimu, kitabu ambacho hakionyeshi ushahidi wake. Mwaka 2011 kampuni ya Astrolabe, iliyodai haki za atlasi hiyo, ilimshtaki Olson na Paul Eggert, mhariri wa hifadhidata. IANA, taasisi ya majina na namba za intaneti, ikaichukua kazi ya kuitunza hifadhidata, na mwaka uliofuata kesi ikaondolewa.

Dawa ilipatikana kwenye makaratasi ya serikali. Oktoba 2020 mchangiaji mmoja alileta matoleo ya gazeti rasmi la Kenya: saa 2 na nusu kuanzia Mei 1908, saa 3 katikati ya 1928, kurudi saa 2 na nusu Januari 1930, saa 2 na dakika 45 kuanzia 1937, kisha saa 3 moja kwa moja tangu Agosti 1942. Toleo la 2020e, la Desemba mwaka huo, likayapokea.

Muscat haikupata bahati hiyo. Mwaka 2015 mstari wake uliunganishwa na Dubai, na data yake ya awali ikahamishiwa faili la pembeni liitwalo backzone. Hatua hiyo hupunguza kazi ya wahariri, lakini haisahihishi chochote: kwa nyakati za kabla ya 1920, Bawshar husomewa jua la Dubai, lililo nyuma ya lile la Muscat kwa dakika 13 na sekunde 12.