Samaki wa Milia na Kitalu cha Chai

Msomaji, ukitoka Kericho kuelekea Bomet utaona mashamba ya chai yametandazwa pande zote mbili za barabara, yakipanda kilima na kushuka bondeni, na vichwa vya michai vimekuwa sawasawa kwa kuchumwa mara kwa mara, hata mgeni angedhani vimepimwa kwa rula. Wengi wenu mmezaliwa humo, na jambo lililo karibu na macho aghalabu halitazamwi. Nakuomba leo uingie pamoja nami katika kitalu cha miche, uiname chini ya kivuli, utazame. Utaona vifuko vya plastiki vilivyojaa udongo, na katika kila kifuko kimechomekwa kipande kimoja kidogo: jani moja, chipukizi moja kwapani mwa jani, na kijiti kifupi cha tawi. Mbegu hamna.

Hapo zamani mbegu ndiyo iliyotumika. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kilimo kikubwa cha chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis (na hiyo ni habari inayostahili insha yake yenyewe, wala usiidhani ndogo kwa kuwa nimeitia katika mabano), michai ilioteshwa kwa mbegu. Sasa, ua la mchai kwa kawaida hukataa chavua yake lenyewe, likapokea ya jirani. Kila mbegu basi ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na michai ya shamba moja ilihitilafiana kama watu wa kijiji. Mmoja hutoa majani mengi yasiyo na ladha, wa pili una ladha nzuri lakini majani haba, wa tatu hunyauka mara jua linapozidi.

Mwaka 1951 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, na kituo chake kikawa Timbilil, Kericho. Wataalamu wake walitembea katika mashamba wakitafuta mchai mmoja ulio bora kuliko maelfu, kisha wakaukata vipande kama hivyo ulivyoviona kitaluni. Mche unaotoka katika kipande si mtoto wa mchai ule. Ni mchai ule ule wenyewe, umeanza upya. Jamii ya mimea ya namna hiyo huitwa kloni. Ukimsikia mkulima akitaja 6/8, anataja kloni moja ya Kericho, mashuhuri kwa ubora wa chai yake. Na michai yote ya 6/8, kokote iliko, ina urithi mmoja.

Lishike neno hilo, kloni, tuvuke bahari.

George Streisinger alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1927, na alipokuwa mtoto jamaa yake walihamia Marekani kukimbia mateso ya Manazi. Alipokuwa mtu mzima alisoma habari za urithi kwa kuchunguza virusi vinavyoshambulia bakteria, akapata jina katika kazi hiyo. Lakini alitaka kujua jambo kubwa zaidi: ubongo hujengwaje? Virusi havina ubongo. Basi mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Oregon, akageukia samaki ambaye watu humfuga nyumbani katika chupa ya kioo kwa ajili ya uzuri wake, samaki wa milia, asiyefika urefu wa kidole chako. Wenzake wengine waliona huo ni mchezo wa watoto.

Samaki huyu asili yake ni mito ya Bara Hindi, na daktari wa Kiskoti aitwaye Francis Hamilton ndiye aliyemwandika katika kitabu mwaka 1822. Nafurahi kukumbusha kwamba mchai wa Assam, ambao ni nyanya wa michai yetu mingi, nao ulitoka pande hizo hizo za dunia.

Kwa nini samaki huyu? Kwa sababu yai lake hukua nje ya tumbo la mama, nalo ni angavu kama kioo. Ukiliweka chini ya hadubini utaona kiumbe akijengwa mbele ya macho yako. Katika muda wa saa 24 sehemu kubwa za ubongo zimekwisha kujigawa, macho yapo, na moyo unapiga. Siku ya tatu kifaranga yuko nje ya ganda. Jike hutaga mayai mamia kwa mara moja, na katika miezi mitatu hivi watoto nao huwa wazazi. Linganisha na mwanadamu, ambaye ubongo wake huanza kujengwa gizani, kabla mama hajajua vema kwamba ana mimba.

Taabu ya Streisinger ilikuwa ile ile ya mbegu za chai: kila samaki alikuwa tofauti na mwenzake, na samaki hakatwi vipande akachomekwa udongoni. Akabuni hila. Alichukua mbegu za dume akazipiga kwa miali mikali mpaka urithi uliomo ukaharibika. Mbegu hizo bado ziliweza kuliamsha yai, lakini hazikuweza kuliachia kitu cha baba. Kisha akalibana yai kwa shinikizo la maji, au akalitia katika joto kwa dakika chache, ili urithi wa mama ujirudufu bila yai kugawanyika. Samaki aliyetoka alikuwa na nusu mbili za urithi zilizofanana kabisa, na mayai yake yote yakawa ya namna moja. Akirudia kazi hiyo alipata ukoo mzima wa samaki walio sawa. Aliitangaza kazi hii mwaka 1981, akafariki mwaka 1984. Faida yake ilikuwa kubwa: kasoro ambayo kwa kawaida hufichwa na urithi mzuri wa mzazi wa pili, hapa haina pa kujificha.

Njia ikawa imefunguka. Katika mji wa Tübingen, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya nzi, aliwakusanya vijana wake wakawapa samaki madume dawa inayobadilisha jeni, wakazalisha vizazi viwili, wakakaa juu ya hadubini kutazama vitukuu. Wolfgang Driever alifanya vivyo hivyo huko Boston. Desemba 1996 jarida la Development lilitoa toleo zima lililojaa habari za samaki hao wenye kasoro. Mmoja wao hakuwa na ubongo ule mdogo wa kisogoni unaousaidia mwili usiyumbe, wala hakuwa na mpaka ulio kati ya ubongo wa kati na ubongo wa nyuma. Mwaka 1998 ikajulikana kwamba jeni moja tu imevunjika. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza ujumbe unaotoka pale mpakani kuziambia chembe jirani zijenge nini. Ujumbe usipopelekwa, chembe hazijui wajibu wake.

Utaniuliza: Mwalimu, haya yatuhusu nini sisi wa majani chai? Swali ni la haki. Mwaka 2013 urithi wote wa samaki huyu ulichapishwa, ikaonekana kwamba kama asilimia 70 ya jeni za mwanadamu zina ndugu zake katika samaki huyu. Lakini sitakujibu kwa hesabu peke yake.

Nilipokuwa nikijifunza ualimu nilipelekwa kufundisha kwa muhula mmoja katika shule iliyo upande wa Bomet. Asubuhi moja msichana wa kidato cha pili alianguka kati ya madawati, mwili ukatetemeka, povu likamtoka kinywani. Wenzake walikimbia nje wakipiga kelele wasiguswe na povu lile. Mmoja alileta kijiko amtie kati ya meno, jambo ambalo halifai kabisa. Nami, niliyekuwa nimeshika chaki, na ubaoni nyuma yangu nimechora picha ya ubongo, nilisimama pale pale. Nilihesabu pumzi kadhaa kabla miguu yangu haijanipeleka kumlaza ubavu na kumwekea sweta chini ya kichwa. Pumzi zile sijazisahau. Nilijua kwamba kifafa hakiambukizi, na kwamba ni umeme wa ubongo uliopita kiasi. Lakini mambo niliyoyasikia utotoni yalinitangulia.

Mwaka ule ule wa 2013, Scott Baraban na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza habari za vifaranga vya samaki wa milia waliokuwa na jeni iliyovunjika, ndugu ya ile inayowaletea watoto wengine kifafa kikali kiitwacho Dravet. Vifaranga wale nao walishikwa na degedege, wakizunguka majini kama waliopotewa na akili. Wakawatia dawa 320, moja moja. Dawa moja ya kale ya mzio, klemizoli, iliwatuliza. Miaka iliyofuata ikaanza kujaribiwa kwa watu.

Hapa kuna neno la hadhari kutoka kwetu Kericho. Mwaka 2010 Samson Kamunya na wenzake walitangaza uchunguzi wa michai ya uzao mmoja waliyoipanda Timbilil na pia Kangaita, karibu na Mlima Kenya, wakitafuta sehemu za urithi zinazoamuru wingi wa majani. Sehemu nyingi zilizoonekana Timbilil hazikuonekana Kangaita. Mimea ilikuwa ile ile, udongo na baridi si ile ile. Ikiwa mchai una tabia hiyo, usimwamini upesi mtu atakayekuambia kwamba jeni moja imekwisha kuamua maisha yako.

Yule msichana alipelekwa zahanati akapewa fenobabitoni, dawa inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Alirudi darasani baada ya wiki moja. Siku ya kwanza hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Siku ya tatu rafiki yake wa zamani alihamisha vitabu vyake, akaketi kando yake, tukaendelea na somo la ubongo pale tulipokuwa tumeliacha.