Funguo za Redio: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Muzee mwenye redio amefukuzwa na wasikilizaji wake mwenyewe. Alilipwa atangaze kwamba boti ya Kabalo imefika salama, ilhali ilikuwa imelala chini ya mto Lualaba. Komite imemkabidhi Fundi funguo. SASA ENDELEA...

Fundi aliwasha mitambo saa kumi na moja alfajiri. Uani watu walikuwa wameshajaa, na hawakuja kumpongeza.

"Madeni ya Muzee sasa ni yako," alisema muuza mafuta ya jenereta. "Redio ni ile ile."

Kweli, ilikuwa ile ile. Hata cheti ukutani bado kilitaja Katanga, mkoa uliokatwa vipande vinne mwaka 2015, mji wetu wa Ankoro ukaangukia mkoa wa Tanganyika. Aliyetaka habari za Kinshasa alitafuta Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Lakini Okapi haikwambii nani kafiwa ng'ambo ya mto Luvua, wala samaki wakavu wa nani wamekwama bandarini. Hayo aliyasema Muzee, na watu walimlipa franka zao tangazo kwa tangazo. Angeiba pesa tu, nadhani wangemsamehe.

"Yaya, tubadilishe jina la redio," Dogo, msaidizi wake, alinong'ona. "Wiki mbili watakuwa wamesahau."

"Wasahau maiti zao?"

Mama mmoja mwenye kitambaa cha msiba kichwani akasukuma mlango. "Binti yangu, hatukuja kusikiliza muziki. Orodha ya abiria iko wapi?"

Fundi hakujibu. Alifungua kipaza sauti. "Leo, kabla ya jua kuzama, majina yote yatasomwa hapa. Yote."

Saa sita mwenyekiti wa komite aliingia bila kubisha.

"Nani amekutuma kuahidi?"

"Si ninyi mlionipa funguo, baba?"

"Tulikupa za mlango." Mwenyekiti alitazama saraka ya Muzee iliyofungwa kwa kufuli. "Hiyo iache."

Alipotoka tu, Fundi akachukua bisibisi.

Ndani mlikuwa na daftari la malipo, na katikati yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Alifika mezani nayo bila kuisoma kwanza. Akaanza. Kila jina lililotoka kwenye spika lilijibiwa na yowe uani. Kisha kimya, jina jingine, yowe jingine. Mama wa kitambaa aliitikia mara mbili.

Likabaki jina moja. Midomo ya Fundi ilifunguka, sauti ikagoma.

Lilikuwa la mdogo wake.

Haiwezekani. Mdogo wake alikwenda kuchimba madini ya kasiterite Manono. Alipanda Luvua kuelekea Kiambi, wakati boti ile ilishuka Lualaba kwenda Kabalo. Na Jumamosi tu, siku nyingi baada ya boti kuzama, simu yake ilimtumia pesa ya karo ya watoto.

"Yaya," Dogo alimgusa bega, "ungali hewani. Wanasubiri."

Simu iliyokuwa mezani ikatetemeka. Kwenye kioo: jina lile lile lililokuwa kwenye karatasi.

Akapokea kwa vidole vya baridi. "Mdogo wangu?"

Upande wa pili mtu alikohoa. Hakuwa mdogo wake.

"Fundi, tunakusikiliza redioni. Hilo la mwisho usilisome."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO